Koti Ambalo Sikulivua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nachoka. Si kwamba nilifanya kazi nyingi siku hiyo. Nilivaa koti la mtu aliyekufa, nikawachekesha waombolezaji kwa muda usiozidi robo saa, kisha nikaenda kupokea simu. Basi. Lakini robo saa ile ilinifundisha mambo ambayo miaka mitatu ya chuo haikunifundisha. Na kwa kuwa sasa umemaliza mwaka wa kwanza wa saikolojia, na umeanza kutuandikia kwenye kundi la familia kwamba wanaoamini mizimu ni watu wavivu wa kufikiri, nimeona nikae nikuandikie.

Mimi ni mjomba wako. Sijafika umri wa kuitwa mzee, na najua utacheka ukiona ninakuita mwanangu wakati tumepishana miaka kumi na miwili tu. Cheka, lakini soma.

Wakati ule nilikuwa kama wewe, pengine zaidi yako. Nilikuwa nimesomea ualimu na saikolojia chuoni, nikamaliza nikarudi nyumbani Magomeni, pale Kilosa mjini, kusubiri ajira ambayo haikuwa na haraka na mimi. Mtu asiye na kazi na mwenye shahada ni mzigo kwa majirani. Nilibishana na muuza dawa za kienyeji mbele ya wateja wake. Nilibishana na katekista. Mama yangu alipofukuza bundi juu ya paa nilimfuata uani kumweleza bundi anakula nini na kwa nini anapenda mapaa yetu, naye akaniambia vizuri, kama wewe huli panya kama yeye, basi niachie bundi wangu. Nilidhani nilikuwa nawafungua watu macho. Nadhani zaidi nilikuwa nimechoka kukaa bure.

Katika miezi hiyo akafariki Mzee Leonadi wa Ruhembe, kule kwenye mashamba ya miwa. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za babu zetu, na unajua maana yake. Akifa mtu wa kwao, sisi tunakwenda si kulia tu, bali kutania. Tunazuia jeneza mlangoni, tunadai kuku, tunamsema marehemu mabaya yake yote ili wafiwa wacheke hata wasipotaka. Na siku ya kuanua matanga, mmoja wetu huvaa nguo ya marehemu na kumwigiza: anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagombana na mkewe kama yeye.

Kazi ile hufanywa na mtu anayejua kuigiza, na mwaka ule nilichaguliwa mimi. Aliyenichagua ni bibi Damari wa Malolo, mdogo wake bibi yetu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa watani upande wetu. Aliniita pembeni akanieleza taratibu. Ukishamaliza, alisema, unarudi mbele ya mjane. Unalivua koti hapo hapo anakuona. Unanawa uso kwenye bakuli la maji atakalolishika mwenyewe, unataja jina lako na jina la mama yako, unasema Leonadi yuko kaburini. Kisha unaondoka.

Nilimwitikia, lakini moyoni nilicheka. Kumwigiza mtu niliona ni sanaa. Kunawa na kutaja majina niliona ni ushirikina uliobandikwa mwishoni. Nani pale asingejua kwamba mimi ni Festo?

Basi nikavaa koti la Mzee Leonadi, lile la kahawia alilokuwa akilivaa shambani hata jua likiwaka. Nilimfahamu tangu utoto, kila mwendo wake nilikuwa nao mikononi. Nikatoka nyuma ya nyumba na kijiti changu, nikainama kidogo upande wa kushoto, nikasafisha koo mara mbili kama alivyokuwa akifanya kabla ya kulalamika. Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikaenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa mkewe, Mama Agata, nikapiga kijiti chini.

"Mama Agata, nani kakwambia nimekufa? Nimekwenda kuangalia mpaka wa shamba tu. Na asiguse mtu muwa wangu hata mmoja mpaka nirudi nipite mwenyewe."

Ilikuwa kweli kabisa. Mzee yule alikuwa na tabia ya kupita mstari kwa mstari akichoma kijiti kwenye majani kabla shamba halijatiwa moto, akitafuta nyoka na watoto waliojificha kula miwa, na hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti kabla hajamaliza. Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama Agata naye alicheka, akaziba uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Nikajiona bingwa.

Hapo simu yangu ikaita. Ilikuwa habari ya usaili wa kazi ya ualimu huko Mikumi. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikiongea, koti bado likiwa mwilini. Bibi Damari aliniita, "Festo, njoo uvue," nami nikampungia mkono kwamba nasikia. Nilipomaliza simu nililivua peke yangu nyuma ya jiko, nikalitundika kwenye msumari, nikapanda pikipiki kwenda Mikumi. Nilikuwa nimefurahi.

Wiki kama tatu zilipita, kazi nikaipata nikahamia Mikumi. Siku moja Agata, binti wa marehemu, akanipigia. Tulizoea kutaniana, kwa hiyo nilianza na matusi ya kitani, lakini alinikatiza. Alisema mama yake amekataa shamba kuchomwa.

Nikueleze, kwa kuwa wewe umekulia mjini. Muwa huchomwa majani kwanza ndipo wakataji waingie. Mashamba yaliyopakana huchomwa kwa zamu, kila kundi siku yake, kisha magari yanabeba haraka kwenda kiwandani kabla muwa haujaharibika. Ukikosa zamu yako unasubiri mwisho wa msimu, na mwisho wa msimu ni mvua, na mvua ikinyesha gari haliingii shambani. Muwa unabaki pale unakunywa maji na kupoteza utamu. Na kwa Mama Agata kulikuwa na jambo zaidi. Ndugu zake marehemu walishasema kwenye kikao cha familia kwamba wanamwachia shamba kama anaweza kulivuna. Akishindwa msimu wa kwanza tu, wanalichukua.

"Anasema baba alisema mpaka arudi apite mwenyewe," Agata aliniambia. "Mtani, ni maneno yako yale."

Nilikwenda Ruhembe kesho yake, na kusema kweli sikwenda na hofu. Nilikwenda na hamu. Nilikuwa nimepata mtu wa kumweleza nilichosoma, na safari hii kilikuwa na faida. Mama Agata alinipokea vizuri, nikamwamkia, akaniwekea ugali na mlenda, akakaa kunisikiliza mikono ikiwa mapajani.

Nilimwambia kwamba akili ya binadamu haipendi nafasi tupu. Mtu aliyeishi na sauti moja miaka thelathini, sauti ile ikikatika, masikio yanaendelea kuisubiri, na chochote kinachofanana nayo kinapokewa kama ndiyo yenyewe. Nilimwambia tunaona mkono wa mtu hata pasipo na mtu, kwa sababu zamani huko aliyedhani kichaka kinatikiswa na simba alikimbia na kuishi hata alipokosea, lakini aliyedhani kila mara ni upepo, alipokosea siku moja tu hakurudi nyumbani. Sisi ni wajukuu wa waoga. Nilimwambia tunakumbuka ndoto moja iliyotokea kweli na kusahau nyingine zote zilizopita bure. Najua haya yote unayajua, mwanangu, na ni kweli. Hata leo nayafundisha hivyo hivyo shuleni kwetu Mikumi wanafunzi wakiniuliza.

Mama Agata alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sauti ya baba Agata imo humu kichwani mwangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haitoki nje."

"Haitoki nje."

"Basi yuko karibu kuliko nilivyodhani." Akaniongezea mboga.

Nilikula nikaondoka, na njiani nikajiambia kwamba ni suala la muda, hoja nzuri huchelewa kuingia. Zamu yao ilipofika mashamba ya jirani yalichomwa pande zote, la kwake likabaki limesimama kijani katikati ya weusi, na panya na ngiri waliokimbia moto kwingine wakahamia humo. Majirani walianza kunong'ona. Wengine walisema Leonadi ameonekana asubuhi akipita na kijiti. Kila aliyesema hivyo alikuwa amesikia kwa mwingine. Msimamizi wa magari, ambaye hakuwa na neno na mizimu wala na wajane, alisema bado anaweza kuwaingiza siku yoyote ndani ya wiki mbili, kisha kiwanda kinafunga.

Wiki ya pili ilipoanza Agata alikuja hadi Mikumi kuniona. Alikuwa amekonda. Alikuwa na wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya.

"Vaa tu koti, mtani. Pita shambani, toka upande wa pili, mwambie sasa ruksa. Dakika tano. Wewe si huamini? Basi huna la kupoteza."

Mwanangu, nilikaa na maneno yale siku nne. Kweli siamini. Kwa nini basi nilishindwa kukubali? Nilijaribu kila hoja na kila hoja ilikuwa upande wa Agata. Mjane angeruhusu, shamba lingevunwa, ndugu wangenyamaza. Lakini kila nilipojiona nikisimama mbele ya yule mama kwa sauti ya mumewe, safari hii bila kicheko cha watu, mwili ulikataa. Na sikuenda kwa bibi Damari kumuuliza, ingawa nilijua ndiye wa kuulizwa. Nilijua atakachoniuliza kwanza. Siku nne hizo za kiburi ndizo zinazonichosha zaidi leo.

Nilipokwenda Malolo nilimkuta uani kwake akikata majani ya vitunguu, lundo limemzunguka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, akanisogezea kisu na sehemu ya lundo. Nikakata huku nikimsimulia. Nilipomaliza akauliza kile nilichokuwa nakikimbia.

"Ulivua?"

"Simu iliita, bibi."

"Sema kweli tu. Mbele ya vitunguu machozi yatatoka hata ukidanganya."

Nikasema kweli. Nikamwambia niliona kule kunawa na kutaja majina ni mambo ya giza, na kwamba hakuna mtu mzima ambaye angenidhania mimi ni Leonadi.

"Hakuna aliyekudhania," alisema. "Mama Agata alijua ni wewe, mwana wa Elizabeti, unayedaiwa kuku mpaka leo. Kujua hakumzuii mtu kusikia. Wewe ulimletea mumewe kwa robo saa, amecheka naye, halafu ukazunguka nyumba na mumewe mgongoni ukapotea. Angejuaje kwamba amekwisha kuondoka?"

Nikasema nilidhani maji yale ni ya mizimu.

"Mizimu inanawa uso? Maji ni ya mfiwa. Anayashika yeye, anakuona wewe unatoka ndani ya koti, anaona koti limebaki halina mtu. Hayo mliyosomea huko chuoni, sisi tuliyawekea bakuli." Akakata vitunguu vitatu au vinne kabla ya kuendelea. "Nyie mnaijua akili ya mtu. Mnaijua sana. Ila mnaifungua mnaondoka, kama fundi aliyeitwa kwingine."

Nikamwuliza habari ya wazo la Agata, kuvaa koti na kutoa ruksa. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Ukimpa ruksa kwa mdomo wa Leonadi, kesho atakuuliza Agata aolewe wapi. Keshokutwa atauliza apande nini. Utalivaa koti lile mpaka uzeeke, na yeye hatakuwa na mume wala hatakuwa mjane. Utalivaa mara moja, na hutasema neno. Utalivua."

Alifuatana nami Ruhembe asubuhi iliyofuata, mguu wake mbaya na yote. Ndugu za marehemu walikuwepo, na majirani kadhaa ambao waliona hawawezi kukosa. Agata alilileta koti. Nikalivaa, na nakwambia lilikuwa zito kuliko siku ile. Nikasimama mbele ya Mama Agata nimenyooka, bila kijiti, bila kuinama upande. Hakuna aliyecheka. Bibi Damari akampa mama yule bakuli la maji alishike kwa mikono miwili.

Nikalivua mkono mmoja, kisha wa pili, nikaliweka chini kati yetu. Nikanawa. Nikasema mimi ni Festo, mwana wa Elizabeti, mtani wenu, na Leonadi yuko kaburini. Nikasema siku ile nilisema maneno ya kuchekesha nikaondoka bila kuyamaliza, anisamehe.

"Sema tena," akasema Mama Agata.

Nikasema tena. Akaniambia niseme mara ya tatu, nikasema, na mara hii macho yake hayakuwa kwangu bali kwenye lile koti lililolala mchangani mikono imekunjika. Akaliweka bakuli chini.

"Nilijua ni wewe," alisema polepole. "Nilijua siku ile ile. Lakini muwa ule aliupanda yeye. Ukikatwa huo, hakuna tena kitu shambani alichokigusa. Nikasema, kama amesema mpaka arudi, basi nimepata sababu."

Akalia. Agata aliniambia baadaye kwamba tangu mazishi mama yake hakuwa amelia, watu walimsifu kwa uvumilivu. Alilia muda mrefu, na sisi sote tulikaa pale jua likipanda, hata wale ndugu waliokuwa na haraka ya shamba. Aliponyamaza aliliokota koti, akalipangusa mchanga, akamwuliza shemeji yake kama wale wachomaji bado wana nafasi.

Sitakudanganya kwamba mambo yaliisha vizuri. Shamba lilichomwa siku ya mwisho kabisa, na kesho yake mvua ikanyesha. Gari la kwanza lilitoka likiwa limejaa, la pili lilikwama, la tatu halikuja. Zaidi ya nusu ya muwa ilibaki imelala kwenye tope, nami nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiuburuta kwa mikono hadi barabarani, mpaka msimamizi alipotuambia tuache. Ningekwenda Malolo siku ile Agata aliponifuata, zile siku nne zingetosha kuuvuna wote. Ndugu walikaa kikao, wakabishana, mwisho wakakubali kwamba mjane amevuna, hata kama ni kidogo, na shamba likabaki kwake. Analilima mpaka leo. Mwaka ule alikula kwa shida, na hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Ningefarijika kama angenilaumu.

Sasa mwanangu, sikiliza ninachotaka ubaki nacho. Mimi bado siamini. Leonadi hakupita shambani na kijiti, na mtu akiniuliza nitasema hivyo hivyo. Usiache kuuliza maswali, na usikubali mtu akutishe uache. Lakini usidhani ukishajua kwa nini mtu anaamini umekwisha kumjua mtu huyo. Mama Agata hakukosa akili. Alikosa mume. Mtu akikwambia amemsikia marehemu, kabla hujamweleza ubongo unavyofanya kazi, mwulize marehemu alisema nini, kisha nyamaza umsikilize, maana humo ndimo utakapoona anachoogopa kupoteza. Na ukikuta wazee wanafanya jambo ambalo kwako halina maana, usilikate kabla ya kujua linafanya kazi gani. Mengine hayafanyi kazi yoyote, na mengine yanaumiza watu, hayo yapinge mchana kweupe. Ila yapo yaliyowekwa na watu waliokuwa wameshaona mfiwa akiachwa katikati. Na zaidi ya yote, usije ukatumia imani ya mtu kumpeleka unakotaka, hata kama unakompeleka ni kuzuri. Nilikaribia kufanya hivyo, na nilikuwa na hoja zote.

Nakuombea masomo yakukae vizuri, mwanangu. Upate akili kali na mkono wa taratibu. Wanaokufungulia mioyo yao waikute imefungwa salama ukiondoka, na siku ambayo wewe ndiye utakayefiwa, kwa kuwa siku hiyo ipo kwa kila mtu, akae nawe mtu mwenye subira kuliko niliyokuwa nayo mimi.